Babati: Pa Kupima kwa Makini na Pa Kupima Haraka

Kwa wakulima wengi wa Babati, wilaya ya kaskazini mwa Tanzania, mahindi yana msimu mmoja mkuu kwa mwaka. Ukipanda mbegu fulani kwa mbolea fulani, jibu utalipata wakati wa mavuno, na hakuna fomula ya kukuambia mapema. Wanakompyuta wanalifahamu tatizo hili kama uboreshaji wa kisanduku cheusi: unaingiza chaguo, unapokea matokeo, ya ndani huyaoni. Kila jaribio lina gharama, kila kipimo kina kosa lake.

Mradi wa utafiti wa kilimo wa Africa RISING, ulioanza Babati mwaka 2012 chini ya IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, ulitumia majaribio ya mama na mtoto, mpango uliobuniwa na Sieglinde Snapp na wenzake nchini Malawi miaka ya 1990. Shamba mama hubeba chaguo zote za mbegu na mbolea, watafiti wakisimamia. Mashamba watoto ni mengi. Kila moja hubeba chaguo chache, chini ya jembe na palizi ya mkulima mwenyewe.

Usahihi wa shamba mama una jasho lake. Mahindi ya kila kitalu huvunwa, hupukuchuliwa na kupimwa kwenye mizani, kisha punje hutiwa kwenye kipima unyevu. Kilo 10 zenye unyevu wa asilimia 18, zikirekebishwa hadi asilimia 13, ni kilo 9.4 tu. Bila hatua hiyo, mbegu inaweza kushinda kwa maji.

Marudio ya chaguo moja kwenye vitalu vingi nayo yanabana. Kosa la wastani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vitalu, kwa hiyo kulipunguza nusu kunadai vitalu mara nne. Gharama hiyo ingetosha kupima vijiji vingine, na wilaya hii haifanani: kijiji cha Long kiko juu kwenye baridi, kile cha Matufa kiko chini kwenye joto. Ndiyo maana mashamba watoto yanahitajika.

Algoriti ya Hyperband, iliyotolewa mwaka 2016, inagawa muda wa kompyuta kwa mantiki ya karibu na hiyo ya kupima mengi kwa gharama ndogo: chaguo nyingi hupewa muda mfupi, zilizo dhaifu huondolewa, zilizobaki huongezewa muda.

Hatari ya kuondoa chaguo mapema inaonekana wazi kwenye mbaazi, zao linalochanganywa sana na mahindi Babati. Mbaazi huvunwa miezi kadhaa baada ya mahindi. Atakayefunga hesabu siku ya kuvuna mahindi ataukata mseto huo kabla haujatoa faida yake yote. Kipimo cha haraka kinafaa pale tu kinapozipanga chaguo kwa mpangilio uleule ambao kipimo kamili kingezipanga. Marudio ya gharama yabaki kwa zile zinazokaribiana.