Andika Ulichokiona

Jambo la kwanza tulilofundishwa katika somo la uangalizi wa nyota lilikuwa kukaa gizani. Tulipanda juu ya paa la jengo la fizikia, tukazima simu, tukanyamaza. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mmoja wenu akiwasha tochi nyeupe, nyote mnaanza upya. Zetu tulizifunika kwa karatasi nyekundu, kwa kuwa sehemu ya jicho inayoona gizani haisumbuliwi sana na mwanga mwekundu. Darubini ilikuwepo, imefunikwa turubai. Wiki tatu hatukuigusa.

Tulipewa nyota moja tu ya kuangalia kwa macho: Eta Aquilae, katika kundinyota la Ukabu, jirani na nyota ya Altair, jina lililotoka kwenye Kiarabu likimaanisha tai arukaye. Hii ni nyota badilifu. Kila baada ya siku 7 na saa 4 hivi mwangaza wake hukamilisha mzunguko, ukipanda haraka na kushuka taratibu. Edward Pigott aliugundua ugeugeu huo mjini York, Uingereza, Septemba 1784, na mwezi uliofuata rafiki yake John Goodricke, kijana kiziwi, akagundua nyota nyingine ya aina hiyo, Delta Cephei.

Kazi yenyewe ni kulinganisha. Katika hesabu ya wanafalaki, namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu. Jirani na Eta ipo Beta Aquilae yenye 3.7, na ipo Iota Aquilae yenye 4.4. Unatazama ya kwanza, unatazama ya pili, kisha unaigawa nafasi iliyo baina yao mafungu saba kichwani. Eta ikiwa mafungu matatu chini ya Beta, unaandika 4.0. Ndiyo kazi yote, lakini jaribu uone. Jicho huyumbishwa na mkao wa nyota angani, huchoka, hudanganywa na wingu jepesi kama pumzi. Inabidi uhamishe macho kwa utulivu, kila nyota uipe muda sawa na mwenzake, kisha uamue.

Saa nayo ina adabu yake. Sisi tunasema saa tatu usiku, saa ya ukutani inaonyesha 21:00, na daftari la uangalizi linataka saa za dunia, yaani 18:00. Kurasa zangu za mwanzo zimejaa mistari ya kufuta mahali hapo.

Mwalimu wetu alikuwa na sharti moja asilolegeza: usifungue ukurasa wa jana kabla hujaandika wa leo. Mimi nilifungua. Jana yake nilikuwa nimeandika 3.9, nami nilijua nyota iko safarini kushuka, nikaandika 4.1 karibu bila kuinua kichwa. Wenzangu watatu waliandika 3.6. Nilikuwa nimekosea kuhesabu siku. Nyota ilikuwa inapanda. Mwalimu hakunikaripia. Alisema tu kwamba nyota imesema 3.6 na mimi sikuwa pale kuisikia. Usiku ule ndipo nilipoielewa fani hii na kuipenda.

Darubini ilipofunuliwa hatimaye, nilikuta adabu ni ileile. Kabla ya picha ya nyota unapiga picha ukiwa umefunika kioo, ili ujue kamera inazua nini yenyewe pasipo mwanga; hiyo utaitoa baadaye kwenye picha ya nyota. Kisha unapiga picha ya anga tupu jioni, baada ya jua kuzama, na humo vumbi la kwenye vioo hujitokeza kama pete za kijivu. Picha ya nyota utaigawanya kwa hiyo. Huku kwetu jua huzama wima na giza huingia upesi, kwa hiyo muda wa kufanya hivyo ni mfupi mno. Kikosi kizima hukimbia. Unajifunza kasoro za chombo chako kwanza, ndipo uruhusiwe kusema neno juu ya nyota.

Kwa ukweli wa namna hiyo mwanafalaki Henrietta Leavitt, akipima vitone vya nyota kwenye sahani za picha zilizopigwa Peru, alionyesha mwaka 1912 kwamba nyota za jamii ya Delta Cephei zenye mzunguko mrefu ndizo zenye mwanga mwingi kwa asili. Kanuni hiyo ndiyo mwanafalaki Edwin Hubble aliyoitumia kuthibitisha kwamba galaksi ya Andromeda iko mbali nje ya galaksi yetu.

Mwanzoni mwa Septemba, saa tatu usiku, Eta Aquilae hupita karibu na utosi ukiwa Nairobi, na kaskazini kidogo ya utosi ukiwa Dar es Salaam. AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota badilifu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, hupokea makadirio ya mtu yeyote, awe na shahada au asiwe nayo. Toka nje usiku nane mfululizo ukiwa na daftari na tochi nyekundu, na ukurasa wa jana usiufungue.