Mshtakiwa Anajikamata Mwenyewe

Katika Vioja Mahakamani, kichekesho cha runinga cha Kenya, uhalifu wenyewe kwa kawaida hauonekani. Hakuna mlango unaovunjwa wala mbio za askari na mwizi. Kuna chumba kimoja cha korti, hakimu juu, kiongozi wa mashtaka chini, na kizimbani mtu anayewashwa na hamu ya kusema. Columbo, tamthilia ya Marekani ya yule mpelelezi wa koti kuukuu aliyeigizwa na Peter Falk, ilituonyesha mauaji kwanza, kisha ikatuachia raha ya kungoja muuaji atanaswa vipi. Vioja kinatupa raha hiyohiyo bila gharama ya mauaji. Tukimwona mhusika kama Makokha au Masanduku arap Simiti akipanda kizimbani, tunajua kosa amelifanya. Tunangoja tu mdomo umponze.

Kwa kituo cha umma kilichokirusha tangu zama za Sauti ya Kenya, kabla ya kuitwa KBC mwaka 1989, hesabu hiyo ilikuwa ya busara. Seti ni moja, na visa havina mwisho. Tena kipindi kinachotegemea maneno hakimlazimishi mtu kukodolea macho kioo: aliye jikoni kule Ozi, katika delta ya Tana, akichuja tui anaifuata kesi kwa sikio.

Ufundi wake uko kwenye mpangilio wa maswali. Tuseme mtumbwi umetoweka usiku kando ya mto pale Ozi, na shahidi ameapa kwamba alimwona mshtakiwa akikata kamba. Mshtakiwa hana wakili, hivyo anamhoji mwenyewe.

"Usiku ule kulikuwa na mbalamwezi?"

"Hakukuwa."

"Ulikuwa na tochi?"

"Sikuwa nayo."

"Sasa uliniona vipi, na mimi tochi yangu nilikuwa nimeizima?"

Maswali mawili ya mwanzo yangeweza kuulizwa na wakili hodari. Tunaanza kumwonea fahari huyu jamaa, hata tunatamani ashinde. La tatu nalo linaanza kwa mantiki ileile, na kosa limefichwa mkiani. Ukilileta neno "yangu" mapema, kichekesho kimekufa. Baada ya hapo kazi inabaki kwa hakimu, naye hatakiwi kucheka. Anaandika. Uso wake ukilegea kidogo tu, korti inageuka kijiwe na mshtakiwa hana tena cha kuogopa. Na asiyeogopa hachekeshi.

Panapopwaya ni kwenye mzaha wa kuiga lafudhi za makabila. Benson Wanjau, Mkikuyu, alimwigiza Mjaluo Mzee Ojwang' Hatari hadi nchi nzima ikamwita hivyo mpaka alipofariki Julai 2015. Yeye aliongezea macho, mwendo na ujanja wa mzee aliyeona mengi. Anayeiga ulimi peke yake anapata kicheko cha dakika ya kwanza, na ya kumi inamkuta mikono mitupu. Kwa Mpokomo wa Mto Tana, ambaye lugha yake ni jirani kabisa wa Kiswahili, mzaha wa sauti zilizobadilishana unachakaa haraka. Halafu kuna jambo zito zaidi. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti haki ya mkalimani bila malipo. Mzee wa Kiorma akisimamishwa katika mahakama ya Garsen, Kiswahili chake kinahusu uhuru wake, na mkalimani huyo sijamwona akipewa nafasi katika kichekesho hiki. Na angekuwa mhusika mtamu ajabu! Mshtakiwa anatukana, mkalimani anatafsiri salamu.

Davis Mwabili, aliyepitia Vioja, aliitoa kesi mahakamani akaipeleka kituo cha polisi katika Inspekta Mwala ya Citizen. Hapo mwenye cheo naye anachekwa, jambo ambalo Vioja, kwa kumlinda hakimu, hakiwezi kulifanya bila kujibomoa. Lakini ukishatoka kizimbani unapoteza ule mbano wa mtu mmoja asiye na pa kukimbilia.

Dosari kubwa zaidi, kwangu, ni mlalamikaji. Akishatoa ushahidi, amesahaulika. Mwizi anapewa kifungo, tunacheka, na mwenye mtumbwi hatujui kesho atavuka na nini. Wazee wa gasa, baraza la Wapokomo, wasingeinuka kabla ya kumuuliza. Nayo kesi inayowasumbua watu wa delta kuliko zote, ya ng'ombe walioingia shambani, haiingii kabisa katika fomula hii. Mkulima ana mpunga uliokanyagwa. Mfugaji ana mifugo yenye kiu na njia ya mtoni iliyolimwa. Mwaka 2012 ugomvi wa namna hiyo ulichangia mapigano yaliyoua zaidi ya watu 100 katika Tana Delta. Vioja kinahitaji mkosaji mmoja aliyekwisha kujulikana, mwenye domo la kumponza. Hapa waandishi wangelazimika kuwapandisha wawili kizimbani, wahojiane wao kwa wao, na hakimu asijue tangu mwanzo ataandika nini.