Wimbo Haupimwi kwa Kufungiwa

Kuna mtindo umeanza kuota mizizi miongoni mwetu wanafunzi wa fasihi, nao ni wa kuupima wimbo kwa swali moja tu: umefungiwa? Ukifungiwa, basi mtunzi ni jasiri, maudhui ni mazito, na aliyeupakua kwenye simu yake ni mwanamapinduzi. Usipofungiwa, eti ni wa kuchezwa harusini. Upimaji huu una raha yake, kwani haumlazimishi mtu kusikiliza chochote. Taarifa ya habari inamtosha. Lakini sisi tunaojiita wahakiki hatuna budi kusikiliza, jamani, hata kama bando limepanda.

Nimeombwa nipendekeze nyimbo za miaka ya karibuni zinazofaa kusikilizwa na msomaji wa gazeti hili. Nitapendekeza nne, na nitaeleza kwa nini. Sitaweza kuzitenga na yaliyotokea nje ya wimbo, kwa sababu zenyewe hazikukubali kutengwa.

Kwanza tulimalize hili la kufungiwa. Machi 2017 Nay wa Mitego alitoa "Wapo". Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia, na polisi wakamkamata msanii mwenyewe akiwa Morogoro. Siku ya pili yake Waziri mwenye dhamana, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo, msanii aachiwe, wimbo upigwe; tena akashauriwa auboreshe kwa kuwaongeza wakosaji wengine, wakiwamo wakwepa kodi. Sasa hapo mhakiki wa "umefungiwa?" aseme nini? Jumatatu asubuhi wimbo ni wa kimapinduzi, Jumatatu jioni ni wa Serikali, na hakuna hata silabi moja iliyobadilika. Mwaka uliofuata, Novemba 2018, Baraza hilo hilo likaufungia "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa kosa la matusi. Zote mbili zimefungiwa, lakini zikiwekwa mezani pamoja hazifanani kwa lolote. Kufungiwa ni habari inayomhusu mfungiaji. Wimbo una habari zake.

Tena "Wapo" si wimbo wa kudharau. Hebu tutazame anwani peke yake, kama tunavyotazama kitenzi darasani. "Wa" ni kiambishi cha nafsi, nomino haikutajwa. "Po" ni mahali dhahiri. Hakusema wako, wala wamo. Maana yake ni kwamba msemaji anapajua walipo na anatazama upande huo, ila hawataji. Anayeijaza nafasi ile ni msikilizaji. Mimi nadhani ndiyo maana wimbo uliweza kukaa kifuani pa mlalahoi na pa kiongozi wa nchi kwa siku moja: kila mmoja aliwaona "wao" wake. Hiyo ni nguvu ya wimbo, na ndiyo hatari yake pia. Kauli inayowaenea wote yaweza kuvaliwa hata na yule iliyemlenga.

Basi nianze mapendekezo yangu. La kwanza, na ambalo nitalitetea mpaka mwisho, ni albamu ya Siti Muharam iitwayo "Siti of Unguja", iliyotoka 2020. Siti Muharam ni kitukuu cha Siti binti Saad, yule mzaliwa wa Fumba ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu tunaousoma wote. Muziki umeongozwa na Mohamed Issa Matona, bingwa wa taarabu asiyehitaji kutambulishwa Unguja. Udi upo, ganuni ipo. Halafu kwa chini inapita klarineti yenye sauti nzito kama mtu anayeguna chumba cha pili. Wapo watakaonung'unika kwamba hii si taarabu asilia. Wanung'unike. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa mitambo iliyokuwa mipya kabisa wakati ule. Taarabu ya Kiswahili ilianza safari yake ya kwenye mashine siku zile, haikuanza jana.

Ndani ya albamu hii umo "Kijiti". Mwanafunzi yeyote anayedhani kwamba wimbo wa matukio ya siku uliletwa na bongo fleva akausikilize huu. Kisa chake ni cha kweli, cha Unguja ya wakati wa ukoloni. Mwanamke mja mzito alitoka bara kwenda kutembea. Mtu aitwaye Kijiti akamchukua matembezini, wakanywa, akamwua. Muuaji akavuka bahari akatorokea Mrima. Kesi ikaja mahakamani, na walioishia kifungoni ni wanawake wenyeji wa marehemu, waliokwenda kutoa ushahidi, kwa kosa la kununua pombe! Ndiyo hukumu yenyewe. Muuaji yuko ng'ambo anavuta hewa, shahidi yuko ndani.

Sasa angalieni alichofanya Siti. Hakutumia fumbo. Sisi tumezoea kufundishwa kwamba ushairi wa Waswahili unapogusa siasa hujifunika, na mfano unaotolewa daima ni Muyaka bin Haji wa Mombasa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Siti alimtaja muuaji kwa jina, akalifanya jina hilo kuwa anwani, na hakimu naye hakusalimika. Kwa nini hapa fumbo lilitupwa? Kwa sababu mji mzima ulikuwa unajua. Kilichokosekana hakikuwa habari, ilikosekana hukumu. Mahakama iliiacha kazi yake, wimbo ukaiokota. Kijiti hakufungwa, lakini karibu miaka mia imepita na jina lake bado linaimbwa na kitukuu cha aliyemhukumu.

Nadhani hapo ndipo penye kipimo tunachokitafuta. Tusiulize kama wimbo umefungiwa, wala kama umetaja majina au umefumba. Tuulize: ni kazi gani iliyoachwa na wengine ambayo wimbo huu umeifanya? Hakimu, mwandishi wa habari, mbunge, mhadhiri (wazee wetu mtanisamehe), kila mmoja ana sehemu yake. Pale anapoiacha, kuna mtu mwenye kipaza sauti ataichukua, pengine kwa ustadi, pengine kwa kubwabwaja.

Nikitumia kipimo hicho, pendekezo langu la pili ni wimbo ambao kwa fani hauniridhishi. Ni "Nitasema" wa huyo huyo Nay wa Mitego, wa mwaka 2024. Mdundo wake ni wa kawaida, na mahali pengi mtunzi anaorodhesha shida za nchi kama mtu anayesoma muhtasari wa kikao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kumkata alama kwa kukosa taswira. Lakini ebu tukumbuke mwaka wenyewe. Septemba 6, 2024 Ali Mohamed Kibao, kada wa Chadema, alishushwa kwenye basi na watu wenye silaha akiwa safarini kwenda Tanga. Kesho yake mwili wake ukapatikana Dar es Salaam. Kabla yake walikuwapo wengine waliochukuliwa ambao ndugu zao walibaki wakizunguka vituoni. Neno "kutekwa" likawa linasemwa kwa sauti ya chini kwenye daladala. Nay akaliingiza kwenye wimbo. Baraza likamfungulia mashtaka.

Mnaona anwani? Kiambishi cha wakati ujao. Hakusema "nasema". Na "nitasema", kwa masikio ya Mswahili, ni kauli ya mtoto anayeonewa na wakubwa zake uani: nitasema kwa mama! Ni tishio la mtu asiye na nguvu nyingine yoyote isipokuwa mdomo. Sijui kama mtunzi alikusudia, na wala si lazima nijue. Imo ndani ya lugha. Wimbo uliobaki haufikii kimo cha neno hilo moja. Hata hivyo naupendekeza, kwani katika mwaka ule fumbo lingekuwa ni kujificha tu. Kuna nyakati ambapo taswira nzuri ni namna ya kukimbia.

La tatu nitalipitia haraka. "Wajinga Nyinyi" wa King Kaka wa Kenya, Desemba 2019, ni ghani zaidi kuliko wimbo, na aliyesoma nadharia ya ushairi simulizi atapata mengi ya kuandikia insha. Umejaa kashfa za miaka ile, kiasi kwamba msikilizaji wa leo asiye Mkenya atahitaji mtu wa kumfafanulia pembeni. Hilo ni doa. Lakini nafsi ya pili wingi inaokoa kila kitu. Watunzi wetu wengi huimba "wao": vigogo, mafisadi, wakubwa. King Kaka aligeuka akawaambia wapiga kura wenyewe, na jirani zake wakacheka huku wakijikuna. Hapa kwetu bado sijausikia wimbo uliothubutu kunitukana mimi.

Nafika sasa kwenye wimbo ulionisumbua kuliko yote, na ambao hauna siasa hata chembe. "Anguka Nayo" wa kundi la Wadagliz ni wimbo wa kucheza, basi. Ulikuwa ukivuma Kenya 2024 kama zinavyovuma nyimbo za vijana, kwa miondoko na mzaha. Juni ya mwaka ule vijana wakaingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, nao wakaenda na wimbo wao. Walikuwa wakiucheza mbele ya polisi, wakiinama na kuinuka ndani ya moshi wa mabomu ya machozi. Hakuna aliyewatungia wimbo wa maandamano. Wakauchukua wa disko.

Wahakiki wa jedwali la dhamira na ujumbe hapa hawana la kusema, kwa sababu ujumbe haumo. Lakini sarufi imo. "Nayo" ni ya nini? Katika wimbo ni ngoma, bila shaka. Lakini "nayo" ya Kiswahili inabeba mengi: serikali nayo, bajeti nayo, mishahara ya wabunge nayo, maisha nayo, mabomu yenyewe nayo. Kirejeshi kimoja kikaachwa wazi, na umati ukakijaza. Jambo lile lile tuliloliona kwenye "Wapo", isipokuwa safari hii mtunzi hakukusudia, na aliyeandika ubeti wa pili ni barabara.

Halafu ikaja Juni 25. Wabunge waliupitisha muswada, waandamanaji wakaingia Bungeni, polisi wakafyatua risasi za moto. Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia saini. Mwanzoni mwa Julai Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu waliokufa kuwa wasiopungua 39. Julai 7, siku ya Saba Saba, vijana walikusanyika Uhuru Park, Nairobi, kwa tamasha la kuwakumbuka wenzao.

Tangu hapo neno "anguka" si lile lile. Nimejaribu kuusikiliza kama wimbo wa disko na nimeshindwa. Mguu unataka kucheza, kichwa kinaona lami. Mshikaji wangu mmoja anasema nazidisha, kwamba wimbo ni wimbo na wafu hawakatazi ngoma. Pengine ana haki, kwani makabila mengi ya kwetu huwazika watu kwa ngoma na hakuna anayeona ajabu. Lakini hajanishawishi. Wimbo huu ulifanya kazi ambayo hakuna aliyeuagiza uifanye, na gharama yake hawakuilipa Wadagliz.

Najua mtaniuliza mbona nazungukia kwa jirani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu, maandamano yalizuka, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Simu zikabaki na nyimbo zile tu zilizokuwa zimeshapakuliwa. Mtu alijua siku zile ana nini hasa kwenye simu yake, wee acha tu. Mtandao uliporudi, wasikilizaji wengi walianza kuwaadhibu wasanii waliopanda majukwaa ya kampeni kwa kuacha kuwafuata. Nawaelewa. Ila naona mtindo ule ule umegeuzwa upande wa pili: jana tuliuliza umefungiwa, leo tunauliza aliimba jukwaa gani, na wimbo wenyewe bado haujasikilizwa. Wimbo wa siku zile za Oktoba, ule utakaofanya alichofanya Siti, mimi sijausikia. Huenda upo katika studio ya uchochoroni, au umo kichwani mwa mtu anayesubiri.

Kwa mwenye pesa ya wimbo mmoja tu wiki hii, anunue "Kijiti" ya Siti Muharam. Ausikilize usiku, kwa spika na si kwa vipokea sauti vya masikioni, na aalike watu. Klarineti ikianza kuguna, azuie maongezi. Halafu anitafute tubishane kuhusu wale wanawake mashahidi, kwani sijaona mhakiki hata mmoja aliyeuliza walitoka lini kifungoni.