Sindano ya Fakiri

Nilimkuta Langoni, Lamu, siku za Maulidi ya mfungo sita, wageni walipokuwa wamejaa msikiti wa Riyadha na kufurika mpaka mabarazani. Wenzake walikuja na mabegi. Yeye alikuwa na kikapu cha ukili, na ndani mlikuwa na shuka, kopo la maji na kofia isiyokwisha kushonwa. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitika, macho yasibanduke kwenye sindano.

Alikuwa miongoni mwa wale tunaowaita mafakiri: hulala msikitini, hula walichokirimiwa, huondoka pepo zikigeuka. Njia yao ni kongwe. Mwaka 1095 mwanachuoni Ghazali aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad akashika njia ya Sham, asishike tena kiti cha namna hiyo hadi 1106. Hata Habib Swaleh, aliyeasisi Riyadha, aliingia Lamu mgeni kutoka Ngazija. Lakini kutembea peke yake sikusifu; hata upepo hutembea. Ninayoisifu ni ile kofia.

Kofia ya mkono ni vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, kila kipande kikiwa kitambaa cheupe cha tabaka mbili. Fundi huchora maua kwa penseli, hupitisha uzi kati ya tabaka ili pambo liinuke, hutoboa vitundu, kisha huvizungushia mshono kimoja kimoja, mpaka kofia nzima ipumue. Kazi hiyo hula miezi. Kwa mbali utaona weupe tu. Maua yake humngoja anayesogea.

Niliona midomo yake ikicheza, nami nikajitia ujuzi. "Bila shaka, babu, kila kitundu ni tasbihi moja."

Akacheka. "La, mwanangu. Hapa nahesabu vitundu. Nikichanganya, nitaharibu kofia, na uradi nitauharibu pia."

Nikaona haya. Nilikuwa nimemvisha utakatifu asiouomba, kumbe yeye alikuwa akiipa kazi haki yake, na ibada saa yake.

Mara akasita, akaugeuza ukanda, akaanza kufumua. Aliyoyashona tangu adhuhuri yakatoka yote. Nikapatafuta alipokosea, nisipaone. "Mvaaji hataona kitu," nikamwambia.

"Mvaaji, ndiyo," akasema. "Lakini kuna atakayeifua. Uzi utalegea mkononi mwake."

Wazee husema: kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Mtu huyu angeshona ovyo na kuuza upesi, akala akashiba. Kichwani mwake mwenyewe alivaa kofia ya mashine, imefifia. Tulizoea kudhani kwamba anayeipa dunia kisogo huukimbia usumbufu wake. Huyu alikuwa ameacha nyumba, shamba na jina, akabaki na kazi moja tu, tena yenye kudai subira kuliko vyote alivyoviacha. Na subira hiyo aliitoa kwa ajili ya mfuaji asiyemjua, katika mji ambao huenda asiufike.

Usiku ule nilivua kofia yangu, ile niliyoivaa siku ya harusi, nikaisogeza kwenye taa. Sikuwahi kuitazama hivyo. Nikaanza kuhesabu vitundu vya ukanda. Nilifika mia na saba, nikapotea, nikaanza upya.