Mita 1 au Sentimita 70: Kipimo Kinachosahaulika Katika Lenzi za Renjifainda

Anayetafuta lenzi ya kamera ya renjifainda huuliza kwanza ukubwa wa tundu: ni f/1.4 au f/2? Kisha huuliza bei. Umbali wa karibu kabisa ambao lenzi inaweza kuweka fokasi huulizwa mwisho, na mara nyingi hauulizwi. Kwa mtu anayepiga picha za nyuso, mikono ya mafundi, sahani za chakula au kurasa za daftari, mpangilio huo uko kinyume. Umbali huo ndio unaoamua picha zipi zinawezekana na zipi haziwezekani, hata lenzi ikiwa na tundu pana kiasi gani.

Tuanze na hesabu. Fremu ya filamu ya kawaida ina milimita 24 kwa 36, na umbali wa fokasi hupimwa kuanzia kwenye filamu au sensa, si kwenye kioo cha mbele cha lenzi. Lenzi ya milimita 50 inayokomea mita 1 huona eneo la takriban sentimita 43 kwa 65. Ukisimamisha kamera wima, hapo unapata mtu kuanzia utosini hadi kifuani. Lenzi nyingine ya milimita 50 ikifika sentimita 70, eneo linashuka hadi sentimita 29 kwa 43, nawe unabaki na uso, shingo na mwanzo wa mabega. Tofauti ni sentimita 30 tu kwenye pete ya fokasi, lakini eneo linaloonekana limepungua kwa zaidi ya nusu.

Kuna njia fupi ya kulinganisha lenzi zozote mbili. Gawanya umbali wa karibu kabisa, kwa milimita, kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Jibu likiwa dogo, kitu kinaonekana kikubwa. Milimita 50 kwenye mita 1 inatoa 20. Milimita 35 kwenye sentimita 70 inatoa 20 pia, na kweli zote mbili huona eneo lilelile. Milimita 90 kwenye mita 1 inatoa 11.1, lakini milimita 75 kwenye sentimita 70 inatoa 9.3. Kwa hiyo lenzi fupi inaishinda lenzi ndefu katika kusogeza uso karibu, jambo ambalo hutaliona ukisoma urefu wa fokasi peke yake. Upande mwingine wa mizani iko Summilux ya zamani ya Leica, ya milimita 35 f/1.4, iliyoanza mwaka 1961 na kukomea mita 1. Jibu lake ni 28.6, na eneo lake ni karibu sentimita 64 kwa 95. Tundu lake ni pana sana, lakini uso wa mtu utabaki mdogo katikati ya fremu.

Kwa nini mipaka hii ipo? Jibu liko ndani ya kamera. Katika kamera ya renjifainda hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia dirisha la pembeni, na katikati yake kuna taswira mbili za kitu kimoja ambazo unazilinganisha mpaka ziwe moja. Nyuma ya lenzi kuna ukingo wa chuma unaosukuma kigurudumu kidogo kilicho kwenye mkono ndani ya kamera, na mkono huo ndio unaosogeza taswira ya pili. Ukizungusha pete kuleta fokasi karibu, lenzi nzima hutoka mbele kwenye hesi zake. Kwa milimita 50, kutoka mbali kabisa hadi mita 1 ni mwendo wa takriban milimita 2.8. Hadi sentimita 70 ni milimita 4.2. Mkono wa ndani una mwisho wake, na kigurudumu kikiachana na lenzi, taswira mbili hazina tena maana. Leica M3 za mwanzo, kamera iliyotoka mwaka 1954, zilisoma hadi mita 1. Baadaye kipimo kikashushwa hadi sentimita 70, na hapo ndipo kamera nyingi za M zilipobaki.

Tatizo la pili ni paralaksi. Dirisha liko juu na pembeni mwa lenzi, kwa hiyo kadiri unavyosogea karibu, ndivyo dirisha na lenzi zinavyoona vitu tofauti. M3 ilitatua sehemu ya tatizo kwa mistari ya fremu inayohama yenyewe ukizungusha pete. Lakini mistari hiyo huhama bila kubadilika ukubwa, ilhali eneo halisi la picha hupungua kadiri fokasi inavyokaribia. Karibu sana, unachokiona kwenye mistari si kile hasa utakachopata.

Walioumiza kichwa zaidi kuhusu tatizo hili ni mafundi wa Leitz, kampuni ya kamera za Leica, waliotengeneza Dual Range Summicron, lenzi ya milimita 50 f/2 iliyouzwa kuanzia 1956 hadi 1968. Hesi zake zina njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kawaida. Njia ya pili inashuka hadi sentimita 48 hivi. Ili kuingia njia hiyo ni lazima upachike juu ya lenzi kipande chenye vioo viwili, mfano wa miwani, kinachofunika dirisha la kutazamia na dirisha la renjifainda kwa pamoja. Miwani hiyo inapokaa mahali pake hubonyeza kipini kidogo. Bila kipini kubonyezwa, pete inakataa kuvuka. Uzuri wa ubunifu huu uko katika kugawana kazi. Vioo vya miwani hupinda miale kiasi kwamba mkono wa ndani ya kamera unaendelea kufanya kazi katika mwendo wake wa kawaida, huku lenzi ikiwa imekwenda mbele zaidi ya pale ambapo mkono ule ungeweza kuifuata. Miwani hiyohiyo husahihisha paralaksi. Kamera yenyewe haikuguswa hata kidogo. Eneo linalobaki ni takriban sentimita 18 kwa 27, karibu kurasa mbili za kitabu kidogo kilichofunguliwa.

Nippon Kogaku, kampuni ya Nikkor, walichukua njia rahisi zaidi. Nikkor yao ya sentimita 5 f/2 ya kifungio cha skrubu cha Leica ilishuka hadi inchi 18, yaani sentimita 45 hivi. Lakini baada ya kupita mpaka wa renjifainda, karibu futi tatu na nusu, pete iliendelea kuzunguka bila kuambatana na kamera. Mpiga picha alisoma namba kwenye pete, akapima kwa futikamba na kukisia mpaka wa fremu. Ilikuwa nafuu na nyepesi, na kwa kitu kisichotembea ilifaa. Kwa mtoto anayecheka, haifai.

Suluhisho la leo limetoka mahali pengine. Mwaka 2012 Leica walitangaza M ya kwanza iliyoweza kuonyesha picha moja kwa moja kutoka kwenye sensa, nayo ikafungua mlango uliokuwa umefungwa na mkono ule wa chuma. Summilux ya milimita 35 ya mwaka 2022 hufika sentimita 40, na ya milimita 50 ya mwaka 2023 hufika sentimita 45. Ukiizungusha pete hadi sentimita 70 unahisi ukinzani mdogo kidoleni: hapo renjifainda imeishia, na kuanzia hapo unaangalia skrini. Mwenye kamera isiyo na kioo cha kuakisi anaweza kupata faida hiyo kwa lenzi za zamani kupitia adapta yenye hesi yake. Adapta inayoongeza milimita 4 huishusha lenzi ya milimita 50 ya mita 1 hadi sentimita 47 hivi.

Kila sentimita ya ukaribu ina bei yake. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.4 ina kina cha ukali cha karibu sentimita 3 ikiwa mita 1. Kwenye sentimita 70 kina hicho hushuka hadi sentimita 1.3: jicho kali, sikio limeyeyuka, na mpiga picha akiyumba kidogo tu mbele au nyuma, jicho nalo linapotea. Ndiyo maana lenzi ya karibu yenye tundu la f/2 au f/2.8 mara nyingi humtumikia mtu vizuri kuliko ya f/1.4 isiyofika karibu.

Basi uamuzi uanzie kwenye kamera uliyonayo. Ukitumia filamu au M isiyo na skrini ya moja kwa moja, tafuta lenzi inayofika sentimita 70. Kushuka chini ya hapo bila Dual Range na miwani yake ni kupiga kwa kukisia. Ukiwa na skrini, lenzi mpya za sentimita 40 na 45, au adapta yenye hesi, zina maana. Ukipiga mitaa na mandhari tu, mita 1 inakutosha, na fedha zako zitafanya kazi zaidi kwingine. Lakini kama kazi yako ni watu na vitu vyao, izungushe pete hadi mwisho kabla hujalipa, soma namba, igawanye kwa urefu wa fokasi. Jibu likizidi 20, nyuso zote utakazopiga zitakuwa mbali, na hakuna tundu pana litakalozisogeza.