Pale Mtafsiri Anapopaswa Kunyamaza

Anayeangalia picha kwenye banda la video pale Omurushaka au Nkwenda anasikia kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni filamu yenyewe, imetengenezwa Marekani au Hong Kong, na sauti yake imeshushwa hadi kubaki kama minong'ono. Ya pili ni kazi ya mtafsiri, mtu mmoja mwenye kipaza sauti ambaye amejiingiza juu ya waigizaji wote: baba, binti, polisi, adui, wakati mwingine hata mbwa. Vijana wengi wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wamezijua filamu za nje kwa njia hii. Mkibishana njiani kuhusu alichosema steringi, yaani shujaa wa picha, mara nyingi mnabishana kuhusu alichosema mtafsiri.

Mtindo huu tumezoea kuuzungumzia kama burudani ya vibanda umiza na kuishia hapo. Mimi nauona ni sanaa yenye kanuni zake, na kwa hiyo inastahili kuhakikiwa kama sanaa nyingine. Nimeupima kwa aina tatu za picha zinazopendwa zaidi huku kwetu: za mapigano, za kisayansi na za kutisha. Hukumu yangu naitoa mapema. Picha ya mapigano mtafsiri huiinua, ya kisayansi huigeuza kuwa kitu kingine, na ya kutisha huiua.

Historia yake ni fupi. Tanzania jina kubwa la mwanzo ni Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, na baada yake akavuma DJ Mack. Uganda wapo kina VJ Jingo, wanaotafsiri kwa Kiganda. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda, na ukifika Murongo umefika mpakani. Si ajabu huko kukuta picha iliyotafsiriwa Kampala ikiangaliwa na Wanyambo wa huku ambao hawajafika Kampala, na ikaeleweka vya kutosha kuwachekesha.

Tuanze na Commando ya mwaka 1985. John Matrix, aliyeigizwa na Arnold Schwarzenegger, ametekewa binti yake, naye amefika ufukweni mwa kisiwa cha maadui. Kabla ya kushambulia anajiandaa. Mwongozaji Mark Lester hatuoneshi mtu mzima. Anatuonesha vipande: mkanda unabanwa, kisu kinaingia alani, mabomu ya mkono yanapachikwa, rangi nyeusi inapakwa usoni. Kila kipande kinakaa kitambo kidogo sana, na hakuna anayesema neno. Muziki peke yake ndio unaobeba.

Hapo mtafsiri mzuri anapata uwanja. Anataja silaha moja baada ya nyingine, anaapa kwa niaba ya Matrix, anawahurumia maadui mapema, na pumzi yake inakatika pale pale picha inapokatwa. Kwa mtu wa Kagera hiki si kitu kigeni. Wahaya wanayo majigambo ya kishujaa wanayoyaita ebyebugo: shujaa anasimama mbele ya watu na kutamka sifa zake na vita alivyopigana, kwa kasi, mstari kwa mstari. Shujaa wa Hollywood ni mtu wa maneno machache, na filamu imemwachia muziki umsifu. Mtafsiri anamrudishia shujaa majigambo yake. Kinachoongezwa kinakaa sawa kwa sababu filamu yenyewe imeacha nafasi, na mikato yake mifupi tayari ina mwendo wa mistari. Naamini kwa dhati kwamba tukio hilo ni zuri zaidi likiwa na tafsiri kuliko bila tafsiri.

Picha ya kisayansi ina tatizo jingine: lazima ieleze. Kuna wakati ujao, kuna mashine, kuna sheria za ulimwengu ambao mtazamaji haujui. James Cameron katika The Terminator ya mwaka 1984 alilitatua tatizo hilo kwa namna ambayo hadi leo naistaajabia. Watu wawili wanatokea Los Angeles usiku, wote uchi, wote wanatafuta nguo na silaha. Mmoja tunamwona upesi kuwa muuaji. Wa pili, Kyle Reese, anamfuatilia msichana Sarah Connor mtaani, akiwa na bunduki aliyoificha ndani ya koti, na filamu haituambii kwa nini. Sarah anamwogopa, nasi tunamwogopa pamoja naye. Fundo linafunguka ndani ya klabu ya usiku, taa nyekundu ya shabaha inapotua kwenye paji la uso la Sarah na Reese akawahi kufyatua. Maelezo kuhusu mwaka 2029 na mashine zinazowinda binadamu yanakuja baada ya hapo, ndani ya gari, huku wanakimbizwa na kujificha kwenye jengo la maegesho. Cameron ametulazimisha kusikiliza somo zima tukiwa tumeshika pumzi.

Mtafsiri wa kawaida hawezi kusubiri hivyo. Reese akianguka tu toka hewani, tunaambiwa: huyu ndiye steringi, katumwa kumlinda dada. Kosa hilo linaeleweka, maana katika kibanda swali la kwanza ni steringi nani, na mtafsiri anaogopa kupoteza watu. Lakini kwa sentensi hiyo moja, hofu yote ya Sarah inageuka upuuzi. Tunamwona msichana anayemkimbia mlinzi wake na tunamcheka, wakati filamu ilitaka tukimbie naye. Kinachobaki ni hadithi nzuri ya kukimbizana, ila si ile aliyoijenga Cameron. Mafumbo yamegeuka taarifa.

Swali hilo la steringi nani, Waganda wamelijibu kwa ujasiri. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo mno, na nakala inayojulikana duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayewatania waigizaji wakati risasi zinarindima. Tazama umbo lake: Kapteni Alex, ambaye jina lake ndilo jina la filamu, anauawa katikati ya hadithi, na filamu inaisha bila muuaji kujulikana. Kanuni ya banda kwamba steringi hafi imevunjwa. Lakini watu hawaondoki, kwa sababu anayeshika hadithi sasa ni VJ. Yeye ndiye steringi wa kweli wa filamu ile. Hapo sauti ya msimulizi haikupachikwa juu ya kazi ya mtu mwingine. Ni kiungo cha kazi yenyewe.

Sasa picha za kutisha. Zipo zinazovumilia tafsiri. Anaconda ya mwaka 1997 ni mojawapo, kwa kuwa nyoka akishatokea unamwona mzima, na kando ya Mto Kagera hakuna anayehitaji kuelezwa chatu anafanya nini. Lakini chukua A Quiet Place ya mwaka 2018, aliyoiongoza John Krasinski. Mazimwi yake ni vipofu na huwinda kwa kusikia. Familia inatembea peku juu ya mchanga na kuongea kwa ishara. Binti yao Regan ni kiziwi, na aliyemwigiza, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli. Kila kamera inapohamia upande wa Regan, sauti ya filamu inafifia au inakatwa kabisa. Darajani, mdogo wake anapowasha kidude chenye kelele nyuma yake, yeye hasikii kitu. Anaujua msiba kwa kuwatazama wazazi wake.

Kisha kuna ule msumari. Mama anavuta gunia la nguo kwenye ngazi, na msumari unanyanyuka ukabaki umesimama. Yeye hajui, sisi tumeuona. Krasinski anatuacha nao kwa muda mrefu. Anapoukanyaga hatimaye, akiwa na uchungu wa kujifungua, haruhusiwi kupiga kelele, na maumivu yote tunayasoma mdomoni na machoni. Mtu akisema hapo, "Jamani, msumari!", amevunja sheria ambayo filamu nzima imesimama juu yake, kwamba anayetoa sauti anakufa.

Nitaambiwa kibandani hamna ukimya: kuna jenereta, bodaboda barabarani, watoto mlangoni. Ni kweli. Lakini nimeona watu wakinyamazishana wenyewe ikiwekwa picha ya namna hii isiyotafsiriwa. Mmoja anamgusa mwenzake bega, maongezi yanakatika, na jenereta inabaki peke yake nje. Mtazamaji wa Kayanga anajua kunyamaza akipewa sababu.

Na ufundi wa kunyamaza tunao nyumbani. Wapiga nanga, ala ya nyuzi, wa Kagera, ambao tendi zao zimechunguzwa kwa kina na Profesa Mugyabuso Mulokozi, husimulia hadithi ndefu za mashujaa kwa sauti moja na chombo kimoja. Sauti ikipumzika, nyuzi zinaendelea, na msikilizaji anabaki ndani ya hadithi akingoja. Msimulizi hapungukiwi heshima kwa kuacha nyuzi ziseme.

Ombi langu kwa watafsiri, wa Kiswahili na wa Kiganda, ni dogo. Commando isemeni mpaka makoo yakauke. The Terminator msitutajie Reese ni nani kabla ya ile klabu. Na siku mtakapoishika A Quiet Place, tuelezeni mwanzoni kwamba mazimwi hayaoni, kisha pale mama anapoanza kushuka ngazi, zimeni kipaza sauti.