Behewa, Taruma na Nyoka wa Chuma: Reli za Mfano za Wakati Ujao na Masharti ya Kuzihakiki

Sanaa ya kuunda reli za mfano, yaani vigari moshi vidogo viendavyo juu ya meza baina ya vilima vya karatasi na miji ya ubao mwembamba, ina wafuasi wengi Ulaya, Marekani na Japani. Wengi wa mafundi wake huiga reli iliyopo au iliyopata kuwapo. Hupima injini, huhesabu madirisha ya mabehewa, na sifa yao kubwa ni kutokosea. Lakini liko tawi jingine la sanaa hiyo, dogo na lenye bidii, ambalo mafundi wake huunda treni zisizopata kuwapo: treni zinazoelea hewani, stesheni za mwezini, miji ya miaka mia tatu ijayo. Tawi hili huzitegemea hadithi za kubuni za kisayansi kama lile la kwanza linavyozitegemea picha na ramani za zamani. Nalo lina taabu ambayo la kwanza halina. Kazi ya kuiga huhukumiwa kwa kulinganishwa na kilichoigwa. Je, kazi isiyoiga kitu itahukumiwa kwa nini? Jibu lililozoeleka ni kwamba hapo kila mtu na afanye apendavyo. Jibu hilo laonekana kuwa la ukarimu, lakini kwa kweli lainyima sanaa hii uhakiki, na sanaa isiyohakikiwa hubaki mchezo tu.

Swali hilo hudhihirika zaidi mahali ambapo treni yenyewe ni jambo la wakati ujao. Itiryo ni kata ya Wilaya ya Tarime, katika nyanda za juu za Mara, upande wa mpaka wa Kenya. Mkoa wa Mara haujapata kufikiwa na reli. Kwa upande wa kusini reli iliingia Mwanza mwaka 1928. Kwa upande wa kaskazini iliingia Kisumu mwaka 1901. Baina ya ncha hizo mbili mizigo ilivushwa Ziwani kwa meli, hata katika miaka ya 1960 zikaundwa meli za kupakia mabehewa yenyewe, Umoja na Uhuru. Njia ya kutoka Tanga na Arusha hadi Musoma imekuwamo katika mipango kwa miaka mingi bila ya kujengwa. Gari la waya lenye magurudumu ya kandambili na usukani wa fimbo ndefu, kama yale yaundwayo na watoto kote Afrika Mashariki, ni mwigo wa lori lipitalo njiani. Lakini mtoto wa Itiryo akiunda treni kwa waya huo huo, huwa haigi kitu kipitacho mbele ya nyumba yao. Treni ataiona katika simu au katika picha, na chombo cha kwenda mwezini atakiona humo humo. Kwake yeye vyote viwili viko upande mmoja, upande wa vitu visivyofika bado. Basi mpaka uliowekwa baina ya matawi mawili ya sanaa hii, la kuiga na la kubuni, hauna nguvu Itiryo; na sharti lolote litakalotungwa kwa ajili ya reli za wakati ujao halina budi kufaa huko pia.

Msaada wa kwanza katika kutafuta masharti hayo hupatikana katika lugha. Kiswahili kilipokutana na reli hakikuwa na jina la kitu hicho, nacho kilifanya kazi ile ile aifanyayo fundi wa mifano: kilitafuta vipande katika vitu vilivyokwisha kujulikana. Behewa, kwa maana yake ya zamani, ni ua au ukumbi wa ndani wa nyumba kubwa. Neno hilo likatolewa nyumbani likawekwa juu ya magurudumu. Taruma ni mti wa kuimarishia kiunzi cha chombo cha baharini. Nalo likashushwa pwani likalazwa chini ya reli, na mataruma yakawa jina la miti, na baadaye vyuma na zege, ibebayo njia nzima. Injini ikapewa kichwa, kama mnyama. Maneno reli, stesheni na tikiti yalipokewa kutoka Kiingereza, lakini sehemu zenye kubeba uzito zilikuwa za nyumba na za jahazi. Jina la kitu kizima lilitokana na kile kilichoonekana kwa mbali: gari la moshi. Moshi umekwisha, jina limebaki. Hata treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024, wako wanaoiita gari moshi bila kuona kosa lolote. Na treni yenye kichwa kilichochongoka iliyofuata mwaka huo huo ilipewa na watu jina la Mchongoko, kwa umbo lake tu.

Mafundi wa kubuni wana desturi iliyo ndugu wa desturi hii ya lugha. Waliotengeneza mifano ya vyombo vya angani kwa ajili ya filamu ya Star Wars, iliyoonyeshwa mwaka 1977, walinunua visanduku vya vifaru na manowari za kuunganisha, wakavivunja, wakabandika vipande vyake juu ya maumbo yao mapya ili yaonekane kuwa na mitambo. Tangu hapo njia hiyo imekuwa mazoea ya kila aundaye treni ya wakati ujao. Bodys Isek Kingelez wa Kongo (1948-2015) aliifuata njia nyingine ya namna hiyo kwa ustadi mkubwa zaidi. Kwa karatasi, kadi na makasha ya bidhaa aliunda miji mizima ya kesho, na kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989 na New York mwaka 2018. Mwaka 1994 aliunda mji wa fahari wenye majumba marefu, akaupa jina la kijiji alichozaliwa, Kimbembele Ihunga.

Hapa ndipo sharti la kwanza lijionyeshapo. Kipande kilichoazimwa hakina budi kubeba uzito mahali pake papya. Taruma lilipotoka jahazini halikukoma kuwa taruma; liliendelea kushikilia kiunzi. Kipande cha kifaru kilichobandikwa ubavuni mwa treni ya mfano hakishikilii kitu. Ni pambo lijifanyalo mtambo. Mtazamaji hudanganyika kwa mara ya kwanza, na mara ya pili huchoka. Fundi akiulizwa bomba lile lapitisha nini, naye akawa hana jibu, basi hadithi yake imekatika hapo, kama mwandishi aliyemwingiza mhusika katika sura ya kwanza akamsahau.

Sharti la pili lahusu uongo. Kila reli ya mfano husema uongo, hata ile iigayo kwa uaminifu. Uwiano uliozoeleka sana ni wa 1 kwa 87, ambao kwao mtu mzima huwa na kimo cha sentimita 2, na kilomita moja huhitaji mita 11 na nusu za sakafu. Kwa kuwa hakuna nyumba itoshayo, fundi hupinda reli yake kwa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 40. Kwa kipimo cha kweli hiyo ni mita 35, kona ambayo hakuna treni kubwa ya abiria iwezayo kuizunguka. Mtazamaji husamehe, kwa kuwa uongo huo ni mmoja nao wafuata kanuni. Katika reli za wakati ujao kishawishi ni kusema uongo mpya kila mahali pagumu, kwa kisingizio kwamba ni kesho na kesho lolote lawezekana.

Mwinuko ni mfano mzuri, na Itiryo, nchi ya vilima, ni mahali pema pa kuupima. Reli kuu za kawaida hupendelea mwinuko usiozidi mita 2 au 3 katika kila mita 100. Waliojenga reli ya Uganda walipofika ukingo wa Bonde la Ufa walilazimika kushusha mabehewa kwa kamba kwa muda, mpaka njia ya kudumu ilipokamilika. Juu ya meza, kilima cha sentimita 30 chahitaji mita 10 za reli ikiwa mwinuko ni 3 katika 100. Fundi mvivu huchomoa magurudumu, akainua treni yake hewani kwa uzi usioonekana, akasema yaruka. Fundi wa kweli huuliza sayansi. Treni ielekayo juu ya sumaku, kama ile iliyoanza kazi Shanghai mwanzoni mwa karne hii, haitegemei msuguano wa gurudumu na chuma, na kwa hiyo yaweza kupanda mwinuko wa 10 katika 100. Basi kilima kile kile chahitaji mita 3 tu. Mita 7 zilizookolewa ni mashamba, nyumba na njia za ng'ombe. Hapo kitu cha kubuni kimelipa gharama yake: umbo la treni limebadili umbo la nchi, na mtazamaji aona kwa nini kesho imetofautiana na leo.

Masharti hayo mawili yatosha kutenga kazi safi na kazi chafu. Hayatoshi kutenga kazi kubwa na kazi ndogo. Kwa ajili hiyo yafaa kurudi kwenye mapokeo ya Afrika Mashariki, ambamo treni ilibuniwa kabla ya kuonekana. Wakamba husimulia habari za Syokimau, mwanamke mtabiri aliyeona nyoka mrefu akija kutoka baharini. Wanandi husimulia kwamba Kimnyole, aliyeuawa mwaka 1890, alitabiri nyoka wa chuma atemaye moto. Na Wagikuyu husimulia mambo kama hayo juu ya Mugo wa Kibiru. Mtu aweza kusema kwamba hizi ndizo reli za wakati ujao za kwanza katika nchi hizi, zilizoundwa kwa maneno. Picha yao ni moja, nyoka, na picha hiyo ni ya mtu asimamaye nje. Nyoka hupita, haingiliwi wala hana mlango. Ilikuwa picha ya kweli, kwani reli ile ilikata nchi za watu ambao hawakuulizwa, na Wanandi waliipinga kwa silaha mpaka mwaka 1905.

Behewa ni picha ya pili, nayo ni ya mtu aliyekwisha kuingia. Aliyeita gari behewa aliona ukumbi wenye watu walioketi wakizungumza. Kati ya nyoka na behewa mna mwendo mzima wa watu kutoka kutazama hadi kusafiri. Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi, iliyochapishwa mwaka 1995, yafuata mwendo huo huo: Dzombo aingizwa chomboni kwa hukumu ya kifo, na chombo kile kile chamfikisha penye maisha mapya. Chombo hakikubadilika, kilichobadilika ni nafasi ya abiria wake.

Sharti la tatu, basi, ni hili: reli ya wakati ujao na iulizwe nani apandaye, wapi, na kwa shughuli gani. Kwa sharti hili kazi nyingi zinazosifiwa huanguka. Treni zake zang'aa, vichwa vyake vimechongoka, taa zake ni za buluu, na katika mandhari nzima hamna stesheni ambapo mwanamke mwenye kikapu cha ndizi aweza kuteremka. Ni nyoka tena, aliyepakwa rangi. Kosa hili si dogo, kwa kuwa mifano ina nguvu. Mwaka 1939, katika maonyesho ya New York, kampuni ya magari ya General Motors iliwaonyesha watu mfano mkubwa wa nchi yao kama itakavyokuwa mwaka 1960, uliosanifiwa na Norman Bel Geddes, wenye barabara pana zipitazo magari elfu nyingi. Mwaka 1956 Marekani ilitunga sheria ya kujenga barabara kuu za namna hiyo nchi nzima. Haihitajiki kudai kwamba mfano ndio ulioizaa sheria. Yatosha kuona kwamba watu walikuwa wamekwisha kuizoea kesho hiyo kwa macho kabla ya kuulizwa kama waitaka.

Kingelez alilijua hilo alipokiweka kijiji chake katikati ya kazi yake, wala hakukiacha kiwe nukta ya kupitwa. Fundi wa Itiryo atakayeunda reli ya mwaka 2100 atakuwa na haki ya kufanya vivyo hivyo, na vipande vya kuazima hatavikosa. Boma la Kikuria la desturi, lenye zizi katikati na nyumba kulizunguka, laweza kuwa kiwanja cha stesheni ambamo mabehewa huzunguka zizi yakipakia kahawa na mahindi. Likifanya kazi hiyo kweli, kwa mwinuko uwezekanao na kwa uwiano usiobadilika, halitakuwa pambo la kikabila lililobandikwa juu ya mtambo wa kigeni, litakuwa taruma.

Stesheni kuu ya Nairobi ya reli mpya ya Kenya, iliyofunguliwa mwaka 2017, iko Syokimau, mahali paitwapo kwa jina la yule mtabiri. Abiria washukao hapo kutoka Mombasa hutoka katika behewa lililo tumboni mwa nyoka wake, wakiwa na mizigo yao mikononi, wakatafuta basi la kuwapeleka nyumbani.